Dakta Moagi na Mshiriki wa Arobaini na Moja

Dakta Moagi Ketshabile alijua kutafuta. Hilo tuliambiwa na yeye mwenyewe, mara nyingi, na kwa kuwa alikuwa na shahada ya uzamivu katika jambo hilohilo, hatukuwa na sababu ya kumpinga. Watu wengine huenda chuo kikuu wakasomea madaraja, au ng'ombe, au sheria. Yeye alisomea namna watu wanavyoandika maneno katika kile kisanduku cheupe cha simu pale wanapotaka kujua jambo. Alikisomea kisanduku hicho kwa miaka sita, ughaibuni, kwa gharama ya serikali.

Alizaliwa Mahalapye, jirani na reli, mtoto wa tatu wa mama aliyeuza magwinya, maandazi ya kwao, ya moto stesheni. Wajomba zake wanakumbuka kwamba utotoni, wenzake walipotumwa porini kutafuta punda waliopotea, walirudi na punda. Moagi alirudi na maelezo. Alieleza upande gani punda hawakuwapo, na kwa nini upande ule haukuwa na haja ya kuangaliwa. Mjomba Galeboe, kaka mkubwa wa mama yake, alisema mapema kabisa kwamba mtoto huyu apelekwe shule, kwa sababu hapa nyumbani atatumalizia mifugo.

Aliporudi na shahada yake, idara yetu ilimpa kazi mbili: kufundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na kuitwa printa inapogoma. Alizifanya zote kwa unyenyekevu kwa miaka minne. Mwaka wa tano akafanya utafiti. Alituma wasaidizi vijijini wakiwa na simu kumi na mbili, na kila mshiriki akaambiwa: shika simu hii, uliza jambo lolote unalotaka kulijua kweli. Simu ilihifadhi kila herufi. Majina yaliondolewa, watu wakapewa namba, na orodha ya kuyalinganisha ikabaki kwa Moagi. Baada ya watu mia tatu na kumi na wawili, Dakta Moagi alitoa tokeo kwamba asilimia sabini na tatu ya watu wetu hawajui kutafuta. Tulipomuuliza kujua kutafuta maana yake nini, alitueleza kwa dakika arobaini. Kwa muhtasari, ni kutafuta kama yeye.

Gazeti moja lilikuwa na nafasi tupu ukurasa wa tano, likamhoji. Kisha redio ikasoma gazeti. Na mtu akishasikika redio moja, redio nyingine zote hugundua kwamba yuko hai na ana namba ya simu. Kufikia mwezi wa Juni Moagi alikuwa amenunua koti jipya, ingawa redio haionyeshi makoti, na alikuwa akiitwa kuzungumzia utafutaji, vijana, ukame, na wakati fulani bei ya mahindi, ambayo aliizungumzia vizuri tu, kwa kuwa hakuna aliyejua kuliko yeye pale studioni.

Wakati huohuo alikuwa anataka kuoa. Mchumba wake, Sethunya, alikuwa mtoa dawa katika zahanati ya mjini Gaborone, mwanamke mpole kwa wagonjwa na si kwa mwingine yeyote. Walikuwa wamependana miaka miwili. Nyumbani kwao ni Manyana, na Moagi hakuwahi kukanyaga pale, kwa sababu mwanamume ambaye wajomba zake hawajaenda kuposa hana shughuli nyumbani kwa watu. Mama mkwe alimjua kwa kusimuliwa tu. Barua ya wajomba ilikwisha kupelekwa, siku ya posa ikapangwa, Jumamosi ya pili ya Julai, na Moagi hakuwa na la kufanya ila kungoja na kunyamaza. Kungoja aliweza.

Jumanne ya wiki iliyotangulia posa, aliitwa kwenye kipindi cha asubuhi cha Pako, mtangazaji anayesikilizwa na nchi nzima wakati inakunywa chai.

"Dakta, tuambie ukweli," alisema Pako. "Hali yetu ni mbaya kiasi gani?"

"Mbaya, ndugu yangu. Watu wetu wanauandikia mtandao kama wanamwandikia chifu."

"Mpaka salamu?"

"Salamu ndiyo wanaanza nayo. Nina mshiriki mmoja hapa, wa arobaini na moja. Jina siwezi kulitaja, maadili ya utafiti hayaruhusu."

"Usilitaje, usilitaje. Soma tu."

Naye, baada ya kuyatimiza maadili ya utafiti, akasoma.

"'Habari za asubuhi, mheshimiwa. Umeamkaje? Sisi huku Manyana tumeamka salama, ila baridi inatuonea. Mimi ni mjane, wa ukoo wa nyani. Samahani kwa kukusumbua Jumatatu, najua una watu wengi. Nina kuku saba. Wanataga vizuri lakini wanakula mayai yao wenyewe, na jogoo ndiye anayeanza. Nifanyeje? Kama una shughuli usijali, nitarudi mchana. Wasalimie watu wa nyumbani kwako.'"

Pako alicheka mpaka akagonga maikrofoni. "Wasalimie watu wa nyumbani kwako! Dakta, mtandao una kwao?"

"Aliandika kwa dakika kumi na moja, kwa kidole kimoja. Unajua aliletewa nini? Kurasa za kuwafundisha watalii kusalimia."

"Alirudi mchana kweli?"

"Alirudi. Akasalimia upya."

"Maskini. Sasa wewe ungeandikaje?"

"Maneno matatu. Kuku, mayai, kula. Basi. Salamu ni kupoteza maneno, Pako. Mashine haina mama, haina shangazi. Usiiulize imeamkaje, kwa sababu haikulala."

Ilikuwa hotuba nzuri. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, lakini wahenga hawakuwahi kualikwa kipindi cha asubuhi. Kabla ya saa nne sehemu ile ya kipindi ilikwisha kukatwa, ikawekewa picha ya kuku, na kutumwa kila mahali penye simu.

Sethunya alitumiwa na binamu yake, pamoja na swali fupi: Huyu si mama? Alisikiliza mara moja, nyuma ya dirisha la dawa, foleni ikimtazama. Kisha akampigia Moagi.

"Kuku wa mama wanakula mayai," alisema.

"Kuku wengi wanakula mayai, mpenzi."

"Saba? Wa mjane? Manyana?"

"Manyana ni kubwa."

"Manyana unaweza kuizunguka kabla chai haijapoa. Mama amesimulia habari ya jogoo yule kanisani, dukani na kwenye bomba. Hata mbwa wa pale wanamjua. Fungua orodha yako. Wa arobaini na moja ni nani?"

"Siruhusiwi kutaja jina la mshiriki."

"Umeruhusiwa kutaja kijiji, ukoo, ujane, kuku na jogoo. Jina ndilo limekushinda."

Alifungua orodha. Iliandikwa Mma-Tiro, mama wa Tiro, kwa kuwa huko mwanamke huitwa kwa jina la mzaliwa wake wa kwanza, na Tiro ni kaka yake Sethunya aliyeko migodini. Moagi hakuwahi kuyaunganisha majina hayo mawili. Kazi ya kuunganisha habari ndiyo aliyokuwa akiwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kila Alhamisi.

"Nitampigia nimwombe radhi," alisema.

"Utampigia wewe kama nani?"

Hapo ndipo penye ugumu wenyewe. Mwanamume ambaye hajaposa hasemi na mama mkwe. Radhi yake husemwa na wajomba zake kwa wajomba wa binti, nao wakiona inafaa huipeleka jikoni. Na siku ya wajomba kusema ilikuwa bado siku kumi na moja. Kuiahirisha kungekuwa tusi la pili.

"Moagi," alisema Sethunya, "mjomba wangu Kelebonye amesema wakija watakuta lango limefungwa kwa waya. Sikutishi. Nakwambia alivyosema. Wakikataliwa siku ile, mimi sitatoroka na mtu. Sisi hatutoroki."

Akakata simu, kwa sababu foleni ilikuwa imeanza kukohoa.

Mtu mwingine angempigia shangazi yake akauliza afanyeje. Kuuliza si ujinga. Lakini Dakta Moagi alikuwa na njia ya kisasa. Alikaa mezani, akafungua kompyuta, akaandika maneno matatu: mama, mkwe, msamaha. Kurasa zikaja kwa maelfu. Katika tasnifu yake kuna sura nzima inayowasikitikia watu wanaobofya tokeo la kwanza bila kusoma la pili. Alibofya la kwanza. Lilikuwa duka la maua.

Maua yalifika Manyana siku ya Alhamisi kwa gari jeupe: kikapu kikubwa cha maua meupe, chenye utepe, na kadi ndogo iliyoandikwa jina la Mma-Tiro. Labda kuna nchi ambako mwanamke aliye hai hupelekewa kitu cha namna hiyo akafurahi. Manyana maua meupe kwenye kikapu hushuka kutoka kwenye gari kwa sababu moja tu, na huenda moja kwa moja makaburini. Jirani wa kwanza alimwona dereva akiuliza nyumba ya Mma-Tiro, akaingia ndani kuvaa shali. Kabla ya saa sita watu kumi na wanne walikuwa wamefika kutoa pole, na walipomkuta marehemu mwenyewe anapembua mtama, wengine waliona aibu na wengine waliona wamepotezewa muda. Mzee mmoja alikuja na kuni za matanga. Alirudi nazo kwake, akinung'unika.

Jioni ile Moagi alimpigia mjomba wake Mahalapye.

"Mjomba, nimeharibu."

"Umempa mimba?"

"Hapana, mjomba."

"Sasa umeharibu nini? Hilo tungejua namna ya kulisemea."

"Nilimsema mama yake redioni."

"Redio ipi?"

"Zote, mjomba."

"Ulimtaja?"

"Sikumtaja. Nilitaja kuku wake."

"Ni afadhali ungemtaja yeye," alisema Mjomba Galeboe. "Kuna lingine?"

Moagi akamweleza habari ya maua. Kisha akasikia mjomba wake akimwambia mtu mwingine chumbani, polepole, kama mtu anayetafsiri: "Amemzika pia."

Yaliyotokea Manyana siku ya posa mimi sikuyaona. Nimesimuliwa na wajomba wawili na shangazi mmoja, na kila walipopingana nimemfuata shangazi.

Walifika kabla ya jua, kama ilivyo ada, wajomba wamevaa makoti na wanawake wamejifunga mablanketi mabegani na vitambaa vichwani. Moagi alikuwa ameachwa Thamaga, kijiji cha jirani, ndani ya gari, na kuagizwa asishuke. Lango halikufungwa waya. Lilikuwa wazi kabisa, na hiyo ilimtia Mjomba Galeboe wasiwasi zaidi. Akasimama nje, akapiga hodi.

Rra Kelebonye, yaani Bwana Kelebonye, kaka yake Mma-Tiro, alitokeza mlangoni. Alikuwa karani wa posta mstaafu, mtu mwembamba, aliyepitisha mikononi barua za watu kwa miaka thelathini na hakusahau hata moja.

"Hodi ya nini, wazee?" alisema. "Ingieni tu. Mambo hayo hapa tumeyaacha tangu Jumanne ile."

Wakaingia. Wanaume wakapewa viti vifupi, wanawake wakakaa mkekani. Kwenye kona, juu ya kigoda, kilikuwapo kikapu cha maua meupe, yameanza kunyauka. Hakuna aliyekizungumzia.

Inafaa niseme kwamba Mjomba Galeboe anajulikana toka Mahalapye hadi Palapye kwa salamu zake. Huanza na mvua, akaenda kwenye malisho, akapita kwa wagonjwa, akauliza habari za waliohamia mjini mmoja mmoja, na inasemwa kuwa kuna arusi ambayo alisalimia mpaka nyama ikaganda mafuta. Ndiyo maana ukoo humtuma yeye. Alikohoa, akakunjua mgongo.

"Ndugu zangu, watu wa ukoo wa nyani, mmeamkaje na hii bari—"

"Aa-aa." Rra Kelebonye aliinua kidole. "Usijichoshe, mzee mwenzangu. Tumesikia redioni. Salamu ni kupoteza maneno. Dakta wenu ametupa maneno matatu, na sisi hatutaki kuonekana washamba mbele ya wageni. Sema shida yako. Matatu."

Mjomba Galeboe alimwangalia mdogo wake, Mjomba Rapula, ambaye alikuwa akiangalia dari. Sasa, siku ya posa hakuna anayesema amekuja kutafuta mke. Husemwa tumekuja kuomba kibuyu cha kuchotea maji, na kila mtu anajua kibuyu ni nani. Lakini maneno hayo hukaa mwisho wa hotuba kama mzigo kwenye mkia wa gari la punda, na bila punda mbele hayaendi.

"Tunaomba," alisema Mjomba Galeboe, na jasho likamtoka mwezi wa Julai, "kibuyu... maji."

"Vizuri sana. Umeona ni rahisi?" Rra Kelebonye akaita mtu ndani. Ukaletwa mtungi wa plastiki wa rangi ya bluu wenye bei yake bado imebandikwa, ukawekwa miguuni pa mjomba. "Hilo ni tokeo la kwanza. La pili ni lile bomba la serikali kule njia panda. La tatu kuna duka Thamaga wanauza matangi. Mnataka na ukurasa wa pili?"

"Mwambie si cha plastiki," alinong'ona Mjomba Rapula.

"Kwa maneno matatu?" aliuliza Mjomba Galeboe.

"Mjukuu wangu ameyajaribu yale maneno ya dakta," aliendelea Rra Kelebonye, akipangusa goti lake. "Kuku, mayai, kula. Tumepewa mapishi kumi na moja. Moja linataka divai. Nikamwambia dada yangu, bahati njema, tatizo limekwisha, tuchinje kuku wote, tukaange na mayai. Na maua ya kuwekea mezani tunayo."

Wanawake wa upande wao walikuwa wameficha nyuso kwenye shali. Wa upande wa Moagi pia, anasema shangazi, na Mungu awasamehe.

"Mzee," alisema Mjomba Rapula, "kijana alikosa. Tumekuja pia na hilo."

"Hayo ni maneno saba. Nimeyahesabu."

Huo ndio wakati Shangazi Boitshepo alipoinuka mkekani. Ni dada wa baba yake Moagi, mwanamke mnene, mwenye mguu mmoja mbovu, na siku ya posa shangazi wa mwanamume hasimami mpaka asimamishwe. Mjomba Galeboe alimwashiria akae. Hakukaa. Alivuka chumba bila kumtazama mtu, akatoka mlango wa nyuma, akaenda jikoni, mahali ambapo mgeni wa posa hana ruhusa ya kufika, maana mama wa binti hukaa huko na mambo haya hayamhusu.

Mma-Tiro alikuwa anakoroga uji wa mtama kwenye chungu cha miguu mitatu. Shangazi alipiga magoti, mguu mbovu na wote, akaweka mikono pamoja.

"Umeamkaje, mama?"

Mma-Tiro aliacha mwiko ndani ya chungu. "Nimeamka. Wewe umeamkaje?"

"Nimeamka, mguu tu haujaamka. Wa hapa wameamkaje?"

"Wameamka. Tiro yuko migodini, anakohoa kidogo. Wa kwenu wameamkaje?"

"Wazima. Mvua hakuna. Mzee wetu macho yanamsumbua."

"Macho gani, ya ukungu?"

"Ya ukungu."

"Pole. Hata mume wangu alianza hivyo."

Wakaenda hivyo kwa muda, watu wote, mbuzi wote. Uji ulianza kushika chini, na msichana aliyekuwa anaosha vyombo akauepua bila kuambiwa. Kisha shangazi akasema: "Na kuku?"

Mma-Tiro alimtazama kuona kama anachekwa. Hakuwa anachekwa.

"Bado wanakula."

"Wanataga wapi?"

"Kwenye ndoo, pale nje ukutani."

"Panapiga jua?"

"Tangu asubuhi."

"Mama, kuku akiliona yai lake analidonoa, hasa akikosa chokaa mwilini. Weka ndoo mahali pa giza, tundika gunia mbele. Saga maganda ya mayai na mifupa, changanya na mtama. Huyo jogoo mtenge wiki mbili, amekwisha kuwa mwizi. Akishindikana muoke."

"Maganda si yatawafundisha?"

"Ukisaga mpaka yawe unga hawatajua ni nini."

Mma-Tiro alilifikiria hilo. "Asante," alisema. Kisha akasema jambo ambalo shangazi amelirudia kwangu mara mbili, na mara zote mbili hakuongeza wala kupunguza. "Kucheka si kitu. Hapa kijijini tunachekana kila siku. Yule msichana aliyeleta simu alisema andika, utajibiwa. Nikaandika jina langu na kwetu, kama ninavyomwandikia mtu. Mtoto wako aliisoma barua yangu yote. Amekaa nayo miezi. Aliwasomea watu wa nchi nzima. Ila kunijibu, hakunijibu."

Shangazi hakumtetea. Alisema, "Ndivyo alivyofanya."

"Anajua habari za kuku?"

"Kuku? Huyo? Hajui hata punda."

Mma-Tiro akacheka, kicheko kidogo cha puani, na akamtuma dada yake, aliyekuwa naye jikoni, ndani na maneno mawili kwa Rra Kelebonye. La kwanza, aache mchezo, wageni hawajanywa chai. La pili, yule kijana alimvua nguo redioni, basi amsitiri hukohuko redioni, si kwa wajomba, si kwa maua. Akiisha kusikika, ndipo watajua kama kuna kibuyu au hakuna.

Rra Kelebonye aliyapokea maneno hayo kama mtu aliyenyang'anywa karata nzuri. Lakini chai ililetwa, na wajomba wakaondoka wakiwa na mtungi wa bluu, ambao hawakuthubutu kuukataa.

Moagi alimfuata Pako Jumatatu.

"Una takwimu mpya?" aliuliza Pako.

"Sina."

"Una mwingine kama yule wa kuku?"

"Ninaye. Ni mimi."

Pako alimpa dakika nne, kati ya habari za barabarani na matangazo ya vifo, saa ambayo hata wasiopenda redio huifungua. Usiku mzima wa kuamkia kipindi Mjomba Galeboe alikuwa akimpa kwa simu orodha ya watu wa kusalimiwa, kwa mpangilio wake, na Moagi aliiandika kwenye karatasi, akaikariri, akaisahau, akaikariri tena. Alipoketi studioni alikuwa na lile koti jipya na karatasi yenyewe mkononi.

"Dakta Moagi, karibu tena. Leo unatufundisha nini?"

"Leo nasalimia," alisema Moagi.

Na akasalimia. Alianza na ukoo wa nyani, akawauliza wameamkaje na baridi. Akamsalimu Rra Kelebonye, akauliza habari za afya yake. Akamtaja mjomba mdogo kabla ya mkubwa, akashtuka, akaomba radhi, akarudi mwanzo. Pako alijaribu kuingilia. "Dakta, mada—" Moagi akaendelea. Aliuliza habari za Tiro huko migodini na kifua chake. Akauliza malisho. Akauliza mvua, ingawa kila mtu alijua hakuna. Fundi mitambo aliinua vidole viwili, kisha kimoja. Moagi alikuwa amefika kwa wanawake.

"Na mama yangu, Mma-Tiro," alisema, "uliniuliza nimeamkaje. Nimeamka, mama. Wewe umeamkaje?"

Hapo Pako akakata, kwa sababu matangazo ya vifo hayangojei mtu. Radhi yenyewe, pamoja na aya nzuri sana aliyoiandaa juu ya haki za washiriki, ilibaki kwenye karatasi.

Gazeti la kesho yake liliandika kwamba mtaalamu alipoteza mwelekeo hewani. Simu za redio nyingine zilikoma wiki ileile. Idarani tulimwonea huruma kwa siku mbili, kisha printa ikagoma, tukamwita.

Manyana walijadiliana juu ya jambo hili siku tatu. Rra Kelebonye alisimama kwenye hoja moja, kwamba hajaomba radhi, amesalimia tu, na salamu si radhi popote duniani. Mma-Tiro alimwambia kwamba yeye alipeleka salamu na swali. Swali lilikwisha kujibiwa na shangazi. Salamu ndiyo ilikuwa bado, na sasa imerudi. Anadaiwa nini tena huyo mtoto? Rra Kelebonye akatafuta kalamu.

Ujumbe ukafika Mahalapye kwa njia inayostahili, mjomba kwa mjomba. Waje tena Jumamosi ya kwanza ya Septemba, kabla ya jua. Mjomba Galeboe asalimie atakavyo, mradi uji usiungue. Na waje na shangazi; asipokuja yeye, wengine wasijisumbue.

Sethunya ndiye aliyemletea Moagi habari hizo, baada ya kazi, akiwa bado na koti jeupe la zahanati. Moagi aliuliza kama safari hii anaweza kusogea angalau mpaka Thamaga, akae garini.

"Hapana," alisema Sethunya. "Utakaa hapahapa Gaborone. Na simu utaniachia mimi."